Wageni wa Jioni kwenye Mmumunye wa Mama

Nilikwenda Lundo kwa sababu ya mmumunye. Mume wangu alisema mtu mwenye akili zake hasafiri siku mbili kuuliza habari za mmea. Nikamwachia unga na maharage, nikaondoka.

Mbegu za mmumunye huo alitugawia marehemu mama, mimi na Dada Yustina, kila mmoja siku alipoolewa. Huzaa vibuyu vya shingo ndefu, tunavikata kuwa kata za kuchotea togwa. Msimu uliopita sikuvuna hata kimoja. Mwaka huu nilipanda mbegu saba za mwisho, ukaota mmea mmoja tu. Ukachanua vizuri, lakini kila kitunda kilinyauka na kudondoka. Tumaini langu likawa kwa dada, aliyeolewa Lundo kando ya ziwa.

Alfajiri ya Jumanne nilipanda lori pale Mbinga mjini. Usafiri haukuwa shida, maana ushirika ulikuwa umeyumba na wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wakipishana barabarani. Dawa za kuua wadudu wa mikahawa nazo ziliuzwa kila duka. Hata mimi nilikuwa nimenunua bomba la kupulizia, nikajiona bwana shamba.

Kutoka huko juu barabara inateremka kwa kona ambazo zilinifanya nisali rozari nzima. Mchana tukaliona ziwa, joto likatupokea, nikavua sweta. Nililala Mbamba Bay kwa mama mmoja wa parokiani, na asubuhi nikapata boti ya kwenda Lundo.

Dada alinipokea kwa vigelegele, na kwa ugali wa muhogo na usipa, vile visamaki vya ziwani. Nilimwamkia mama mkwe wake, "Shikamoo, mama," kisha sikungoja hata kunawa mikono.

"Dada, mbegu za mama unazo?"

"Zilioza zote mwaka ziwa lilipofurika, mdogo wangu. Hii ninayolima ni ya huku huku."

Kumbe mmea wangu ndio uliokuwa wa mwisho!

Jua lilipozama dada alinipeleka bustanini. Mimumunye yake ilikuwa imetambaa juu ya mtumbwi mbovu uliopinduliwa, vibuyu vimejaa. Maua meupe ndiyo kwanza yalikuwa yanafunguka.

"Shemeji yako anataka kuupasua mtumbwi huu uwe kuni za kukaushia samaki," alisema. "Namwambia ajaribu aone. Sasa tulia, wageni wangu wanakuja."

Mtumbwi ukaanza kunguruma. Nyuki weusi, wanene, wakatoka mmoja mmoja kwenye matundu waliyoyatoboa ubaoni, wakaingia mauani. Mwezi ulikuwa umeshatoka na bado walikuwa kazini.

"Ua hili hufunguka jioni, kesho mchana limenyauka," dada alisema. "Nyuki wa mchana hawalifaidi. Kwenu hawa hawapo?"

"Walikuwepo, kwenye maboriti ya jiko."

"Wewe dawa unapuliza saa ngapi?"

"Jioni, nyuki wakishalala. Ikibaki naimalizia kwenye mmumunye."

Dada alicheka mpaka akashikilia mtumbwi. Nami nikacheka, ingawa moyo uliniuma. Nilikuwa nikiwahurumia nyuki wa mchana, huku nikiwaua wale niliowahitaji.

Ijumaa asubuhi, nyuki wakiwa ndani, shemeji alikata kipande cha mtumbwi, tukaziba matundu kwa matambara. Lori la kurudi lilikuwa limejaa usipa. Tulipofika mlimani dereva alisimama, akazima injini, akasikiliza.

"Mama, mzigo wako mbona unanguruma?"

"Ni wafanyakazi wangu," nikajibu. Abiria wote wakanihama, nikakaa kwa raha hadi Mbinga.

Nyumbani nilikiweka kile kipande cha mtumbwi chini ya mmumunye, nikafungua matundu. Jioni ya kwanza walitoka wakatokomea. Ya pili hakuja hata mmoja, na mume wangu akaniuliza kama wafanyakazi wamegoma. Jioni ya tatu nikausikia mngurumo uani. Mmoja alikuwa amezama kwenye ua, miguu tu nje.

Mikahawa bado naipulizia, ila mmumunye haupati hata tone. Kitunda kimoja kilishika, kikanenepa, kikarefusha shingo. Sikukikata mpaka kilipokauka kabisa. Kisha nikakiweka sikioni, nikakitikisa, na mbegu za mama zikalia ndani.