Hesabu ya Makoti

Pale bungeni walimwita Akidi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa moja: kabla ya kura anapita kati ya viti, anahesabu wabunge, anaandika idadi na kumpelekea Spika. Wakipungua mia, kikao kinavunjika.

Sasa waheshimiwa nao walikuwa na ujanja wao. Kila mmoja aliacha koti la ziada mgongoni mwa kiti, lionekane, mwenyewe yuko zake mgahawani au ameshashika njia ya nyumbani. Mzee aliyemfundisha Akidi kazi alimwambia siku ya kwanza, "Koti nalo hesabu. Mwenyewe hayuko mbali." Akawa anayahesabu. Hakuna aliyedhurika, maana mara nyingi walikuwa wanabishania majina ya barabara.

Ndipo Rais alipopeleka jeshi nchi jirani. Sheria ilimruhusu, ila kwa siku thelathini tu. Zikiisha bila Bunge kupiga kura ya kukubali, askari wanarudi. Miongoni mwao alikuwemo mtoto wa dada yake Akidi, aliyelelewa na Akidi mwenyewe tangu anaota meno.

Siku ya thelathini iliangukia Ijumaa. Asubuhi dada mtu alipiga simu.

"Kaka, leo ndiyo wanaamua?"

"Leo ndiyo mwisho. Wakikubali, wanabaki huko. Wasipokubali, wanarudi."

"Basi ngoja nimfulie shuka zake."

Ijumaa mchana waheshimiwa huwa na miguu myepesi. Akidi alipita kati ya viti kama kawaida: watu sitini na mmoja, makoti arobaini na matatu. Akaandika mia moja na nne, akampelekea Spika, akarudi mlangoni. Mkono ulishazoea. Alikuwa bado anafunika kalamu Spika aliposema, "Wanaoafiki waseme ndiyo," na ndiyo zikajaa ukumbini.

Hapo akili ikamrudia. Angeandika sitini na mmoja, kikao kingevunjika, siku zingeisha na kijana angerudi. Bado angeweza kusogea mbele akasema amekosea. Aliona haya. Haya hiyo anaijutia kuliko hesabu yenyewe.

Kijana aliuawa wiki ya sita. Baada ya mazishi Akidi alikwenda kwa dada yake, akamkuta anakunja nguo za marehemu.

"Kaka, wewe ulikuwemo mle ndani. Walikuwa wangapi walioamua?"

"Sitini na mmoja," akasema. Hakuwahi kuitamka hesabu hiyo kwa mtu yeyote.

Dada mtu akaitikia kwa kichwa. "Ni wengi. Watu wazima wote hao, na elimu zao, wamekaa wakalifikiria. Basi hakwenda bure."

Akidi alifungua kinywa amwambie kwamba walitakiwa mia. Akamwona ameshika shati, uso umetulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu msiba, akafumba kinywa. Mpaka leo hajamwambia. Naye dada, kila akipata mgeni, humsimulia kwamba watu sitini na mmoja walikaa wakamfikiria mwanawe.