Kurasa Mbili za Zimwi

Shangazi yangu Tazuko amechora vitabu vya watoto maisha yake yote, na katika vitabu hivyo watu wazima hawana vichwa. Kuna magoti, pindo za nguo, soksi zilizotoboka, fimbo ya babu. Ndivyo alivyoiona dunia alipokuwa mdogo, kwa sababu kila mkesha wa mwaka mpya alijificha chini ya meza kuwakwepa mazimwi.

Kwetu Oga, kaskazini mwa Japani, mazimwi huja kweli. Ni wanaume wa kijijini waliovaa vinyago na makoti ya mabua ya mpunga. Shangazi alipokuja kulijua hilo, mwili wake haukukubali, ukaendelea kuogopa. Alihamia Tokyo, akaanza kwa kupaka rangi mabango ya maduka, kisha akapata kazi ya vitabu. Watoto walimpenda. Walivisoma vitabu vyake wamelala kifudifudi sakafuni.

Halafu mhariri wake, Bwana Hirasawa, akampa hadithi ya mazimwi ya kwetu. Katikati ulitakiwa uso wa zimwi, ujaze kurasa mbili. Shangazi alichora na kuchana, na kila mara uso ulitoka kama wa mbwa mwenye mafua. Hirasawa akamweleza kwa upole kwamba picha isipokuwa tayari baada ya sikukuu, kitabu atapewa mchoraji mwingine. Shangazi alikaribia miaka sitini. Alijua hataletewa kingine.

"Nitaenda nikautazame," aliniambia kwenye simu, sauti imemfifia. "Twende wote, Mio. Nikikimbia, nikamate."

Tukaenda Oga kwa Bibi, mama yake, ambaye alimcheka tangu mlangoni. Mkesha wa mwaka mpya giza liliingia mapema pamoja na theluji. Tulikaa kwenye meza fupi iliyofunikwa blanketi mpaka sakafuni, miguu chini yake, pale kwenye kipasha joto chenye mwanga mwekundu. Shangazi alikuwa ameweka karatasi mbele yake. Milango ya jirani ilipoanza kupigwa, aliiweka penseli chini. Akasema ana kiu. Akasema labda kwetu hawatafika, vijana wote wamehama.

Kisha mlango wetu ukatikisika. Miguu ikakanyaga kwa kishindo mpaka vikombe vikalia, na nilipogeuka shangazi hakuwepo. Nikamfuata chini ya meza, kwa kiasi fulani kwa sababu niliahidi kumkamata.

"Humu kuna mtoto mvivu? Kuna mtoto analia?" zimwi moja likanguruma.

"Yupo mmoja," Bibi alijibu, akiwamiminia mazimwi pombe ya mchele bila haraka. "Anakaribia sitini. Kutwa kuchora, na hata wali unamuungulia."

"Mlete hapa!"

"Mchukueni wenyewe. Mimi mgongo unaniuma."

Shangazi alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Miguu ilizunguka meza, ikasimama. Magoti yakalia yakikunjwa, maana zimwi lenyewe halikuwa kijana, na mabua yakaanguka mkekani. Blanketi likainuliwa, baridi ikaingia.

"Wewe," likasema, karibu kabisa na masikio yetu. "Utakuwa mtoto mzuri?"

Uso ulikuwa kiganja kimoja kutoka puani mwa shangazi. Mimi niliuona. Shangazi alikuwa amefumba macho kwa nguvu, mashavu yamepanda juu.

"Nitakuwa," alinong'ona.

Walipoondoka, Bibi aliokota mabua akamfunga shangazi kichwani, kama mtoto anavyofungwa ili mwaka mzima asiugue. Akamuuliza kama ameuona uso. Shangazi alitikisa kichwa akalia, akikililia kitabu alichoona amekikosa.

Asubuhi nilimkuta amepaka kurasa mbili nzima rangi nyeusi, ndani yake kuna wekundu hafifu, ule unaouona ukifumba macho karibu na taa. Chini pembeni, bua moja la mpunga. Hakuna kingine. Akampelekea Hirasawa, kisha akakaa kando ya simu bila kula.

Hirasawa alipopiga alisema kwanza alidhani anafanyiwa mzaha. Ndipo akamsomea binti yake. Walipofika kwenye kurasa zile, mtoto alifumba macho na kumwambia baba yake afunue yeye, haraka.

Kitabu kilitoka hivyo hivyo, na ndicho kinachomlisha shangazi mpaka leo. Lakini kila mkesha wa mwaka mpya ananiomba nikalale kwake Tokyo, ghorofani juu kabisa, ambako hakuna zimwi lililowahi kupanda. Nikifika nagonga polepole na kutaja jina langu kwanza. Hata hivyo nasikia meza ikisogea.