Ndoo ya Buluu ya Jirani Yetu

Juzi nilipita nyuma ya maduka ya Adams Arcade, pale ilipokuwa ploti yetu, nikakuta ghorofa ndefu hivi kwamba wapangaji wa juu lazima wanaanika nguo mawinguni. Chini kuna mkahawa wa vioo. Mlango ulipofunguliwa, harufu ya injera, ile mikate laini ya Wahabeshi, ikanipiga, ule uchachu wake wenyewe. Rafiki yangu, mimi mtu mzima, na cheti changu cha masomo ya jioni, nilisimama mlangoni nikinusa kama mtoto.

Siku zile palikuwa na vyumba vya mabati, bomba moja na kelele za kutosha kaunti nzima. Bibi yangu alitoka Malindi akimfuata babu, aliyekuwa karani mjini. Vitumbua vyake viliamsha watu hadi mtaa wa Muthangari, na anayebisha aje. Chumba cha pili alihamia mama mmoja kutoka Ethiopia, mtoto mgongoni, na mkononi chupa aliyoivingirisha kwa shuka kama mtoto wa pili.

Mle chupani mlikuwa na mbegu ya injera, unga uliochacha aliopewa na mama yake. Kila akikoroga unga kwenye ndoo yake ya buluu alitia mbegu hiyo, na kila akimaliza kupika alibakiza kidogo cha kuanzishia mwingine. Hayo tulikuja kuyajua baadaye. Wakati huo tuliona ndoo tu.

Akapata kazi yake ya kwanza ya maana, harusi ya watu wa kwao. Mbegu yote akaitia ndooni, akamwachia bibi mtoto, akaenda soko la Gikomba kutafuta vikapu. Bibi akafunua ndoo. Povu juu, maji meusi chini yake. Kwa bibi, unga wa vitumbua ukilala zaidi ya usiku mmoja ni wa kumwagwa.

"Maskini," akasema, "ugenini mtu husahau hata kupika."

Akaumwaga mtaroni. Akasugua ndoo kwa jivu na sabuni hadi ungeweza kujinyolea ndevu ndani yake. Na chupa pia.

Jirani alirudi na vikapu vyake. Alichungulia ndoo, akakaa kizingitini.

"Mama, unga iko wapi?"

"Nimekuoshea, mwanangu. Ulikuwa umeoza."

"Haikuoza. Ilikuwa ya mama yangu." Akaigeuza ile chupa tupu mkononi. "Na yeye hayuko tena."

Bibi aliinuka pale pale. Alivaa buibui, akajitwika ile ndoo, wakatoka pamoja kubisha milango ya Wahabeshi wa mji huu mpaka wakagawiwa mbegu nyingine. Harusi ilikula injera. Ilichelewa, wageni wakachezeshwa ngoma hadi soli zikaisha, lakini walikula.

Kuanzia hapo bibi akamtoa shangazi yangu amsaidie jirani kupika. Injera ikaingia mahoteli ya mjini. Muuza makaa wake, kijana wa Kakamega, akafungua kibanda cha pili. Mashine ya kusaga unga pale mtaani, iliyokuwa ikisinzia, ikaanza kunguruma kama ndege ya rais. Karo yangu ilitoka kwenye mshahara wa shangazi. Na bado walikuwepo wa kusema wageni wanatumalizia kazi.

"Kazi gani?" bibi aliwauliza. "Kabla yake hapa kazi yenu ilikuwa kuota jua." Kisha angeita, "Mgeni njoo," nasi watoto tungejibu, "mwenyeji apone," midomo imejaa.

Halafu ploti ikauzwa. Jirani alitafuta jiko Kilimani yote. Huyu landilodi anaogopa moshi, yule anataka kibali cha biashara, na kibali hakifiki. Akahamia Kampala na kazi yake. Hatukuandamana. Tulimsaidia kufunga mizigo tu. Mashine ikanyamaza, na kijana wa makaa akarudi kwao.

Siku ya kuondoka alimpa bibi chupa ya mbegu. "Hii usioshe, Mama."

Bibi alicheka hadi akalia. Injera yenyewe haikuwahi kumpendeza, lakini ile chupa aliilisha unga kila wiki kama paka wa nyumba, mpaka uzee ukamlaza.

Siku ya matanga yake, mke wa baba mdogo, mwanamke safi kuliko sabuni yenyewe, aliingia jikoni kabla ya wageni. Nilipofika, chupa ilikuwa imefudikizwa juani, iking'aa.

"Sijui bibi alikuwa anaweka uchafu gani," akaniambia. "Nimewaoshea."

Nilimshukuru, nikaichukua ile chupa.

Basi juzi niliingia mkahawani, nikaagiza, nikamuuliza kijana wa meza injera hii anaipika nani.

"Hatupiki hapa, boss. Huletwa na basi kutoka Kampala."

"Na aliyeipika ni nani?"

"Hiyo sijui. Kuna mama huko, wanasema ameandika kazi mtaa mzima."

Nilikula polepole. Kisha nikamuuliza kama huyo mama anaweza kutuma na mbegu. Akacheka, akadhani natania. Nyumbani chupa ninayo, safi kabisa.