Sahani ya Mama Zuhura

Juzi, mtaani Mchafukoge, nilipishana na binti aliyebeba sahani iliyofunikwa kawa. Harufu ya hiliki ikanirudisha kwenye Krismasi niliyokaa Kariakoo kwa shangazi, mgeni kutoka Limuru, jasho likinitoka. Jirani yake Mwislamu, Mama Zuhura, alituletea pilau. Shangazi aliijaza sahani ile chapati, akanituma niirudishe. Nilidhani sahani ndiyo ya kurudishwa, chapati ni zangu. Nikazila kichochoroni, kisha nikabisha hodi.

Mama Zuhura aliitazama sahani tupu. “Haya, baba. Mwambie shangazi yako ahsante.”

Hakuvuka tena kizingiti chetu.

“Nimemkosea nini?” shangazi aliniuliza.

Nilisema sijui, na kweli sikujua. Nilipokuja kuelewa kwamba kurudisha sahani tupu ni kumdharau jirani, shangazi alikuwa bado hai. Sikumwambia.