Pikapu ya Mama na Bima Kubwa

Mama alipouza ng'ombe na kununua pikapu, ukoo mzima ulidhani anaingia kwenye biashara ya usafirishaji. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mkulima wa pamba kule Nkoma. Mimi ni binti yake wa kwanza, nafundisha shule ya msingi hapa Bariadi, na ndimi pekee nyumbani kwetu mwenye leseni. Kwa hiyo kazi ya makaratasi iliniangukia.

Gari lenyewe lilikuwa zito, bodi ndefu, matairi yananifika kiunoni. Mama alilinunua kwa mkandarasi wa barabara aliyemaliza kazi yake huku, likiwa bado na namba nyeupe za biashara. Alitaka mambo mawili tu: kadi iandikwe jina lake, na namba ziwe za njano, za mtu binafsi.

Mjomba alijaribu. "Dada, gari ni kitu cha mwanaume. Liandike jina langu, nitakutunzia."

Mama akamjibu kwa upole kwamba ng'ombe waliouzwa aliwachunga yeye, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza kama ni mwanaume.

Tukaenda ofisi ya mapato na mkataba wa mauziano, kadi ya zamani na karatasi ya ukaguzi ya trafiki. Mama alikuwa amevaa gauni la kanisani. Kijana wa dirishani, mgeni aliyehamishiwa huku kikazi, akamwamkia vizuri, akapitia fomu mpaka akafika kwenye matumizi.

"Biashara au binafsi, mama?"

"Binafsi."

"Litabeba nini?"

Mama akaanza kuhesabu kwa vidole. Pamba yake. Mapipa ya maji. Kwaya. Mgonjwa akitokea. Bibi harusi. Mahindi ya msibani. Kijana akaweka kalamu chini.

"Mama, hiyo si binafsi. Hilo ni basi."

Foleni nzima ikacheka. Mama hakucheka.

"Sasa hao watu watakulipa?" kijana akauliza.

"Mgonjwa anilipe? Kwani kwenu mgonjwa anatoa nauli?"

Kijana akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Akaandika: binafsi.

Kwa wakala wa bima tulimkuta dada mmoja mchangamfu. Akatueleza kwamba bima ndogo inamlipa mtu uliyemgonga, na bima kubwa inakutengenezea na gari lako mwenyewe. Mimi nilikuwa upande wa bima ndogo, maana naujua mshahara wa mwalimu. Mama akauliza swali moja: "Mwaka ule ng'ombe wangu walipokufa kwa ukame, kuna mtu alinilipa?"

"Hapana, mama," nikamjibu.

"Basi niandikie hiyo kubwa," akamwambia dada.

Dada akatoka nje kulipiga gari picha pande zote. Kila alipoinua simu, mama alikuwa amesimama mbele ya gari, mikono kiunoni.

"Mama, sogea kidogo. Nataka gari peke yake."

"Gari peke yake ni la nani?"

Ikabidi apigwe yake kwanza. Kabla hatujaondoka dada akamwonya: "Ukibeba mzigo wa mtu kwa malipo, bima hii haitakulipa. Umenisikia, mama?"

"Nimesikia, ng'wanawane." Ndivyo alivyomwita, mwanangu, kama anavyoniita mimi.

Miezi minne baadaye, nikiwa likizo, tulimpelekea jirani yetu kitanda Mwandoya, kwa binti yake aliyekuwa ameolewa huko. Tulipomaliza tukapitia mnadani. Nilikuwa nimeegesha pembeni, mama amekaa ndani, mimi nanunua nyanya, dume jeusi lilipokata kamba. Nadhani liliona dume jingine kwenye rangi ya mlango, maana mama alikuwa ameusugua mpaka unang'aa. Likapiga kichwa mara ya kwanza, mara ya pili. Mlango ukabonyea kama sufuria ya shuleni. Nilikimbia nikidhani namkuta mama amezimia. Nilimkuta anamtukana ng'ombe kwa Kisukuma kupitia dirishani.

Mwenye dume, mzee mfugaji kutoka Bukundi, akafika mbio, kipande cha kamba mkononi. Mama akashuka kwa mlango wa pili.

"Mwadila, baba," akamsalimu. Wakaulizana habari za watoto, za mifugo, za mvua. Ndipo mama akamwonyesha mlango. Mzee akataka kutoa mbuzi. Mama akakataa, akamwambia gari lina bima kubwa.

Kwenye fomu ya madai palikuwa na nafasi ya namba ya usajili ya chombo kilichotugonga. Nikaanza kuandika "hakuna".

"Namba ipo," mama akasema. Alikuwa ameinakili kutoka kwenye hereni ya sikioni mwa dume, zile ng'ombe wanazosajiliwa nazo siku hizi. Nikaiandika yote. Dada wa bima alipoisoma alitoka nje, akarudi macho mekundu kwa kucheka.

Kisha akawa mtu wa kazi. "Siku hiyo mlibeba mzigo?"

"Kitanda cha jirani," mama akasema.

"Aliwalipa?"

Nilimkanyaga mama mguu chini ya meza. Akauondoa mguu wake.

"Alinipa kuku."

"Kuku wa nini?"

"Wa asante. Tulimla pamoja, kwake. Paja alikula yeye."

Dada akaandika taratibu, akasema lazima awaulize wakubwa wake. Njiani nilimlaumu mama: si angenyamaza tu? "Nidanganye kwa ajili ya mlango?" akaniuliza. Mimi ninayewachapa watoto wa watu midomo kwa kudanganya nikabadilisha gia.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, nikiwa darasani. Wakubwa walikuwa wamekubali: kuku aliyeliwa na mtoaji wake si nauli. Nilicheka mbele ya darasa la nne mpaka watoto nao wakacheka bila kujua sababu.

Tulilichukua gari gereji Ijumaa. Kabla hatujatoka mjini, kiti cha nyuma kilikuwa na mwanamke mjamzito na mkwewe, na kwenye bodi mabati ya kanisa. Mama alikaa mbele. Akashusha kioo cha mlango mpya, akakipandisha, akakishusha tena, hivyo hivyo mpaka Nkoma.