Fundi wa Kufuli Nje ya Mlango

Kwa miaka kumi na sita fundi huyu alitengeneza kufuli na kuchonga funguo katika kibanda kilichobanwa chini ya ngazi za jengo la maduka, jirani na mshona viatu. Kibanda hakikuzidi upana wa kitanda. Mashine ilikaa kushoto, ubao wa funguo ambazo hazijachongwa kulia, na katikati alikaa yeye, mtu mrefu aliyejikunja kama kisu cha mfukoni. Kazi alifundishwa na mjomba wake, aliyempiga vidole kila alipotumia nguvu.

Hakuwa msemaji. Wateja walimjia na haraka zao na hasira zao. Aliwasikiliza, akawafuata mpaka mlangoni kwao, akafungua, akaenda zake. Nyumbani mambo yalikuwa hayohayo. Alitoka binti yake hajaamka, akarudi keshalala. Binti alikuwa na miaka mitano. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo wa kuenea kiganjani, wakamwita Tone kwa utani, jina likamganda.

Jumamosi moja katikati ya kipupwe, rafiki yake wa tangu shule, dereva wa basi, alipata mapumziko. Wakakubaliana familia mbili ziende bustani kubwa nje ya mji. Asubuhi mke wa fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga vifurushi posta, alimkuta mlangoni na mfuko wa vifaa begani.

"Baba Tone, huo mfuko hauendi."

"Ni bisibisi mbili tu."

"Hata moja. Leo una mtoto, huna mteja."

Akautua.

Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Kitreni cha watoto kilikuwa kimefunikwa turubai mpaka joto lirudi, na mashua ndogo zilikuwa zimepinduliwa kando ya bwawa. Watoto hawakujali. Tone na pacha wawili wa dereva waligundua kwamba vidimbwi vya njiani vilikuwa na utando wa barafu, na kila kimoja kililia kivyake kikikanyagwa. Watu wazima walibanana kwenye benchi, chupa ya chai ikipita mkono kwa mkono.

"Abiria wangu wakiniona nimekaa bila usukani, watasema nimefukuzwa," alisema dereva.

"Kaa hivyohivyo," mkewe akamjibu. "Upumzike, na sisi tupumzike na honi."

Kabla ya saa sita Tone alitaka kwenda chooni. Choo kilikuwa kijumba cha matofali nyuma ya miti, mlango wake wa mbao ukitazama njia. Mama yake alimsindikiza, lakini Tone akasema yeye mkubwa, ataingia peke yake. Akaingia, akavuta komeo. Alipomaliza, komeo likakataa kurudi.

Fundi aliitwa akaja mbio, mkono ukipapasa begani pasipo na kitu. Dereva alikwishavua koti.

"Sogeeni, nipige bega."

"Mlango unafungukia ndani," fundi akasema. "Na mtoto yuko nyuma yake."

Dereva akavaa koti lake. Mkewe akaenda kumtafuta mlinzi wa bustani, akarudi na habari kwamba yuko ng'ambo ya bwawa. Ndani, Tone alikuwa analia kwa kwikwi.

"Ongea naye wewe," mke wa fundi akanong'ona. "Mimi nikisema neno anazidi."

Fundi akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi, mdomo kwenye upenyo wa chini ya mlango. Aliona viatu viwili vyekundu. Hakujua aanzie wapi.

"Tone."

"Nani?"

"Baba."

Kwikwi zikakatika kidogo. "Baba huwa yuko kazini."

"Leo siko kazini. Niko hapa chini. Hicho chuma ulikivuta kwenda upande gani?"

"Kulia. Mkono ninaochorea."

Fundi hakujua kwamba binti yake ameshajua kulia na kushoto. Hakujua kwamba anachora.

"Unachora nini?"

"Twiga. Lakini shingo haienei kwenye karatasi."

"Unganisha karatasi mbili."

Viatu vyekundu vikasogea karibu na mlango.

"Vidole vinauma," Tone akasema.

"Vitie kwapani, uhesabu mpaka ishirini."

Alihesabu, akairuka kumi na tatu. Wakati huo fundi alikuwa amesimama anautazama mlango. Bawaba ya juu ilikuwa imelegea, mlango umeinama upande mmoja na kulikandamiza komeo tunduni. Akatia vidole chini ya ubao, akainua.

"Nikisema sasa, sukuma chuma kwenda kushoto. Polepole. Sasa."

"Kimekataa."

"Hakijakataa. Mimi ndiye sijainua vya kutosha. Ngoja."

Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu ukucha wake ulipasuka, naye akaendelea kushikilia. Komeo likateleza.

Tone alitoka taratibu, akamtazama baba yake aliyechafuka udongo kifuani.

"Mbona ulilala chini?"

"Ili nikusikie."

Mama yake akamfunika shali. Dereva akatikisa kichwa. "Wateja wakijua unafungua kwa mdomo, watakupigia simu tu, wasikuone tena."

Mlinzi alipofika, fundi alimwonyesha bawaba na kumweleza parafujo za ukubwa gani zinahitajika. Kisha wakala mayai ya kuchemsha na mkate. Mke wa fundi aliuosha ule ukucha kwa chai iliyopoa, akaufunga kwa leso. Suala la mfuko hakuna aliyeligusa.

Jumamosi iliyofuata fundi alifungua kibanda kama kawaida, lakini saa saba mchana akashusha mlango. Mshona viatu alimuuliza kama anaumwa.

"Mzima," akasema. "Naenda nyumbani."

Siku hiyo ya kwanza haikuwa rahisi. Alimchukua binti yake kwa jirani, akakaa naye mezani, kila mmoja akimtazama mwenzake kama mgeni aliyekaribishwa na mtu mwingine. Mwishowe Tone akamuuliza kwa nini funguo zina meno na hazili. Fundi akasema atafikiri, na kweli akafikiri, akatoa jibu, Tone akalikataa, akatoa lingine, mpaka mkewe akarudi kutoka kazini akawakuta bado wanabishana.