Mtaa Usiokuwa na Sukari

Siku yangu ya kwanza kazini, Muuguzi Mfawidhi wa kliniki ya Magomeni, yaani yule nesi mkubwa aliyetusimamia wote, hakunionyesha sindano wala mizani ya watoto. Alinisimamisha karibu na foleni ya kina mama akaniambia nisikilize tu. Nikasikiliza. Kila mama alisema mtoto kalala vizuri, kala vizuri, ana mafua kidogo. Kisha akanivuta pembeni.

"Umewasikia?"

"Nimewasikia, mama."

"Umewaamini?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa msichana kutoka Masasi, na kwetu mtu mzima akisema jambo unaitikia.

"Basi hujafaa bado," akasema. "Wote hao wanatuficha, na wala si kwa ubaya. Wanaogopa tutawagombeza. Kazi yako ni kushuku, binti. Mvue mtoto fulana, mtazame nyuma ya masikio, mnuse mdomo, ndipo umsikilize mama yake."

Kazi hiyo niliifanya mpaka ikaniingia mwilini. Marehemu mume wangu alikuwa akilalamika kwamba hata yeye akirudi nyumbani namkagua nyuma ya masikio. Alikuwa na sababu ya kulalamika, na mimi nilikuwa na sababu ya kumkagua, lakini hayo tuyaache.

Kutoka Magomeni nilihamishiwa Ilala, chini ya Mganga Msaidizi mmoja mwenye miwani mizito, mtu mkali asiyecheka. Yeye ndiye aliyenifundisha surua. Surua huanza kwa homa, mafua na macho mekundu yasiyotaka mwanga. Ukimfungua mtoto kinywa mapema utaona ndani ya mashavu vidoa vyeupe vidogo, kana kwamba amelamba chumvi ikabaki. Vipele huja baadaye, vikianzia nyuma ya masikio na kushuka mpaka miguuni, na kabla havijatokea mtoto ameshawaambukiza wenzake wote wa uani. Chanjo ilikuwepo, ila jokofu letu la mafuta ya taa lilikuwa likizimika linavyotaka, na chanjo ikipata joto ni maji matupu.

"Surua yenyewe inapita," alikuwa akituambia. "Chungeni kinachokuja nyuma yake. Kifua, macho, na kuharisha. Hasa kuharisha."

Nilichojifunza peke yangu pale Ilala ni namna ya kumtuliza mtoto wa umri wa kuanza kutembea. Mtoto mchanga humeza unachompa. Mwenye miaka minne unaweza kumdanganya kwa ahadi ya pipi. Lakini huyu ambaye ndiyo kwanza anajua kusema "sitaki" hadanganyiki. Ameshachomwa sindano, na koti jeupe analikumbuka kuliko sura ya shangazi yake. Kwa hiyo nilivua kofia na koti mlangoni, nikakaa chini sakafuni, nikamtazama kila mtu isipokuwa yeye. Nilimwachia kikombe na kijiko achezee. Mtoto akipewa kikombe lazima atataka kumnywesha mtu, ndivyo walivyo. Ananinywesha mimi, namwambia tamu. Anamnywesha mama yake. Akisharidhika kwamba hakuna aliyekufa, anakunywa mwenyewe.

Siku moja Mganga Msaidizi alinikuta sakafuni nimefunguliwa kinywa na kitoto cha watu.

"Nesi, mgonjwa hapa ni nani?"

"Ni mimi, daktari, mpaka mwenyewe atakapokubali kuwa yeye."

Hakucheka, lakini wiki ile aliandika nipelekwe Kariakoo, kuwa nesi wa kutembelea majumba.

Vijana mnaosoma haya mnaona mifuko ya sukari imepangwa madukani mpaka dari. Miaka ile sukari, sabuni na mafuta ya kula vilipatikana kwa kadi, kwenye duka la kaya, baada ya foleni, na mara nyingi havikupatikana kabisa. Aliyeficha bidhaa aliitwa mlanguzi. Mgambo waliingia nyumba za watu wakainua magodoro. Jirani alimtazama jirani akibeba kapu, akapima kwa macho uzito wake. Sasa fikirini mimi, mwanamke mwenye sare na mkoba, ninaingia nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanakula nini.

Na swali langu baya kuliko yote lilikuwa la lazima. Pakiti za dawa ya kuharisha zilikuwa zimekwisha, bohari haina kitu, kwa hiyo tulifundisha mchanganyiko wa nyumbani: maji yaliyochemka yakapoa, sukari na chumvi kidogo. Kuhusu chumvi tulikuwa tunawaambia kina mama waonje, isizidi ya machozi. Hilo walilielewa upesi. Lakini kwanza ilibidi niulize, "Mama, una sukari?" Kwa Kariakoo ya wakati ule, hilo ni swali la mtu aliyetumwa.

Ndipo ikaja nyumba ya Mama Zuena, mtaa wa pili kutoka Msimbazi. Alikuwa mama kijana wa Lindi, na mumewe alikuwa akiuza hiki na kile kuzunguka soko, mtu asiyekutazama usoni. Zuena mwenyewe alikuwa na umri wa kutembea kwa kushikilia ukuta. Vipele vilikuwa vimeshafika miguuni, kinywa kimejaa vidonda, na tumbo lilikuwa limeanza kuharisha. Walinipokea ukumbini, kwenye upepo na mwanga wa mlango wa mbele, mtoto amefumba macho kwa nguvu.

"Mpelekeni chumbani," nikasema. "Macho yanamuuma. Anataka giza."

Mama Zuena akamtazama mumewe.

"Chumbani kumejaa," akasema Baba Zuena.

"Kumejaa nini?"

"Kumejaa tu, dada."

Nikashuku wanaficha mgonjwa mwingine. Nilitundika kanga mlangoni kukata mwanga, nikamsafisha mtoto macho, nikampaka kinywani dawa ya zambarau ya vidonda, nikakaa mkekani. Kisha nikauliza lile swali.

"Sukari?" Baba Zuena alijibu kabla sijafunga mdomo. "Dada yangu, sukari tutaitoa wapi? Hata rangi yake tumeisahau."

Tulijaribu dafu. Zuena alilitema, lilimchoma vidonda. Tukajaribu uji wa chumvi, akaumwaga mkekani na kutuangalia mimi na mama yake kwa zamu, kama hakimu. Mama Zuena akainuka ghafla. Aliingia chumbani, akajipenyeza kwenye mlango asiotaka kuufungua wote, akarudi na kikombe cha bati cha mtoto. Nikaonja. Kilikuwa kitamu. Nikatia chumvi na sikusema neno, na wao hawakusema. Zuena akaninywesha mimi, akamnywesha mama yake, kisha akanywa. Niliondoka nikiwa na furaha ya kijinga, nikaahidi kurudi kesho.

Kesho yake niliporudi, macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Nilimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama ilipofinywa, na hiyo ni dalili kwamba maji yamekwisha mwilini. Alikuwa akilia, lakini mashavu yalikuwa makavu. Nikaonja kikombe chake. Maji ya chumvi matupu.

"Weka sukari, mama."

"Hatuna."

"Mama Zuena, jana nimeonja mwenyewe."

"Hatuna, nesi. Wallahi hatuna."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia mtoto anamfia mikononi naye analinda gunia la sukari chumbani. Hapo akaanza kulia.

"Baba yake ameimwaga! Gunia zima, chooni, na maji juu yake. Alisema nesi ameonja, nesi atakwenda kusema. Ndiyo akaondoka, sijui aliko."

Niliumia sana. Nilikuwa nimekuja kuokoa mtoto, na kule kuonja kwangu ndiko kulikomponza. Nilitaka kumpeleka hospitali saa ileile, lakini Mama Zuena alimkumbatia mwanawe akakataa katakata. Wodi ya surua ilikuwa imejaa watoto wamelazwa wawiliwawili, na jirani yake alikuwa amekwenda huko na mtoto akarudi na kanga tu.

Nikatoka kuomba. Kijiko kimoja tu, hata nusu. Nyumba ya mbele alikaa Mama Kanti, bibi wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa chini na familia yake juu. Alifungua dirisha nusu. "Nesi, sukari iko wapi siku hizi?" Dirisha likafungwa. Fundi cherehani barazani alisimamisha mashine, akatazama kushoto na kulia. "Mimi chai nakunywa na chumvi," akasema, na mashine ikaendelea. Nikafika hadi kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa chama mwenye kuweka jicho lake kwenye kila mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kakutuma uulize mambo ya sukari?"

"Hajanituma mtu. Mtoto wa Mama Zuena analia bila machozi."

"Mhu," akasema. "Nenda kamtazame mgonjwa wako."

Kila mlango niliwaambia maneno hayo hayo, analia bila machozi, na kila mlango ulifungwa. Nilirudi nimeishiwa. Nilimchukua Zuena, nikamfunika kanga mbichi kifuani kupunguza homa, nikaanza kumbembeleza kwa nyimbo za kwetu asizozielewa. Alikuwa mwepesi mno mikononi.

Kwanza tulisikia kitu kikianguka uani. Mama Zuena alikwenda, akarudi ameshika kikaratasi kilichosokotwa. Ndani mlikuwa na sukari. Baadaye kingine kikapenyezwa dirishani, na hatukuona mkono. Kingine tukakikuta juu ya kizingiti. Kimoja kilinuka iliki, kimoja kilinuka mafuta ya mashine, kingine kilikuwa kimefungwa vizuri mno, pembe kwa pembe, sukari imeganda kwa kukaa sana mahali pa siri. Nilinusa na kulamba kila kimoja. Mtu hawezi kujua.

Nilipoanza kukoroga, Mama Zuena akanishika mkono.

"Simpi."

"Kwa nini?"

"Simjui aliyeleta. Pengine wameitupa ili mgambo waje waikute hapa. Pengine mtu ametia kitu."

"Nimelamba, mama. Niko hai."

"Wewe huna adui mtaa huu, nesi. Mimi ninao."

Na mimi ningesema hivyohivyo. Nikaendelea kukoroga. Zuena akasikia kijiko kikigonga bati, akafumbua macho, akanyoosha mkono. Nikampa. Akaninywesha kwanza, kwa haki yake. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, nywa."

Mama Zuena alifunga mdomo.

"Nywa!" Alimbandika kikombe midomoni, maji yakamwagikia kanga, na kile kilio kikavu kikaanza tena. Yule mama alimtazama mwanawe, akafumba macho, akanywa. Nikamwona akimeza kama anayemeza kwinini, akakaa akisubiri kufa. Zuena naye alisubiri akimkodolea macho. Halafu akakivuta kikombe kwake, akanywa.

Alitapika mara ya kwanza. Tukapumzika, tukaanza tena, kijiko baada ya kijiko, na kwa kila kijiko ilibidi mimi na mama yake tupite kwanza. Ilipofika alasiri Zuena alinikojolea sare yote. Vijana, mkojo ni habari njema kuliko zote katika kazi hii. Nilimbusu huku nimelowa, Mama Zuena akacheka na kulia kwa pamoja.

Tukiwa katika hali hiyo, kanga ya mlangoni ikafunuliwa. Alikuwa balozi.

"Nasikia nyumba hii ina sukari."

Mama Zuena alikauka. Kikombe kilikuwa mkekani, kimejaa, na vikaratasi vilikuwa chini ya goti langu. Mzee akachuchumaa, akamtazama mtoto muda mrefu. Zuena naye akamtazama, akamshuku kama alivyotushuku sisi sote. Kisha akainua kikombe kwa mikono miwili.

"Nywa."

Balozi akanywa. Alikizungusha kinywaji mdomoni, akameza, akajifuta masharubu.

"Maji ya chumvi," akasema. Akaweka sawa kofia yake, akaondoka.

Mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma, au kama kile kikaratasi kilichofungwa pembe kwa pembe kilikuwa chake, akaja kuhakikisha hakijulikani. Nimewahi kufikiri hivi na nimewahi kufikiri vile, na nadhani yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Baba Zuena alirudi baada ya siku chache, mwembamba, akakuta mwanawe anatambaa akibambuka ngozi. Mimi nikaendelea na kazi, nikawa Muuguzi Mfawidhi na mimi, nikasimamisha wasichana wageni kwenye foleni za kina mama nikawauliza kama wameamini, mpaka nikastaafu. Siku hizi pakiti za dawa zipo, na manesi wanaokuja kunisalimia wananiuliza siri ya kumtuliza mtoto mwenye surua. Nawaambia wakae chini, wavue koti, wanyweshwe na mgonjwa. Nawaambia pia washuku, ila wajue kwamba na wao wanashukiwa, na pengine kwa haki. Mara nyingi hawanielewi.

Mama Zuena alinitembelea baada ya kustaafu, mtu mzima sasa, mwenye wajukuu. Nilimkalisha ndani, mpwa wangu akatuletea chai. Tulimtaja Zuena na watoto wake, tukamtaja balozi, Mungu amrehemu. Nikaona wakati umefika.

"Mama Zuena, mambo yale yamekwisha siku nyingi. Niambie, kile kikaratasi cha iliki kilitoka kwa Mama Kanti?"

Alimtazama mpwa wangu mpaka akatoka. Akatazama mlango. Kisha akasogeza kiti chake, akaniletea mdomo sikioni.

"Nesi," akanong'ona, "sisi nyumba ile hatujawahi kuwa na sukari."

Nikamwambia ni kweli, hamkuwa nayo, nikamwongezea chai.